Konsoli ya siriali kwenye Linux na BSD: maswali yanayoulizwa mara kwa mara na mafundi wa Kisumu, Nakuru na Magharibi

Ukurasa huu ni wa yeyote anayetunza seva au ruta iliyo mbali naye: zahanati kule Nyakach, shule ya Bungoma, ofisi ya Sacco mjini Kakamega, au kituo cha Mfangano ambako huna budi kuvuka kwa boti kutoka Mbita. Mifano mingi ni ya Debian 12 na 13. FreeBSD na OpenBSD zina sehemu yake hapa chini. Amri nyingi zinahitaji uwe root, yaani msimamizi mkuu wa mashine.

## Nina SSH. Konsoli ya siriali ya nini tena?

SSH, yaani njia ya kuingia kwenye mashine ya mbali kupitia mtandao, hufanya kazi mambo mengi yakiwa tayari yamekwenda sawa: keneli (kiini cha mfumo) imewaka, diski zimepachikwa, mtandao umeamka, na huduma ya sshd iko hai. Kosea herufi moja kwenye `/etc/fstab` (orodha ya diski za kupachikwa), au andika sheria ya faiwoli inayofunga mlango uliotumia kuingilia, na SSH haipo tena. Mashine yenyewe huenda ni nzima kabisa. Imesimama ikisubiri mtu abonyeze Enter, na hakuna wa kubonyeza.

Konsoli ya siriali haipitii mtandao. Ni waya wenye nyuzi tatu muhimu, wa kutuma, wa kupokea na wa ardhi, unaobeba herufi mojamoja kwa kiwango cha RS-232 kilichoanza kutumika Marekani mwaka 1960. Ukipangwa vizuri, waya huo hukuonyesha mashine tangu BIOS inapoamka hadi inapokuomba jina na nywila, na unaweza kuandika katika kila hatua ya safari hiyo.

Jambo ninalosisitiza kuliko yote katika ukurasa huu ni hili: konsoli hupangwa siku mashine iko salama, ukiwa umekaa nayo mezani. Siku imegoma, hakuna faili utakayoweza kuhariri.

## Si bora nimwombe mtu wa huko achomeke skrini na kibodi?

Kama yupo, na skrini ipo, sawa. Lakini atakusomea maandishi kwa simu huku yakipita, au akutumie picha iliyotikisika. Pia ruta nyingi ndogo hazina tundu la skrini kabisa. Bao za APU za PC Engines, kwa mfano, zina mlango wa siriali tu.

## Nikiwa Nakuru na mashine iko Busia, huo waya utanisaidiaje?

Waya unahitaji kitu cha kuushika upande wa pili. Njia zinazotumika ni tatu.

Ya kwanza ni mtu wa huko mwenye laptopu. Mwalimu wa kompyuta au karani anachomeka adapta, anaunganisha laptopu na intaneti ya simu yake, nawe unaingia kwenye laptopu hiyo kwa SSH au kwa programu ya kuona skrini kwa mbali.

Ya pili ni kuacha kompyuta ndogo ya Raspberry Pi kando ya seva, yenye modemu na laini ya mtandao mwingine. Mtandao mkuu ukianguka, unapita mlango wa nyuma.

Ya tatu ndiyo ninayoipenda zaidi pale penye mashine mbili: kila moja ishike konsoli ya mwenzake. Mlango wa siriali wa A unapangwa kuwa konsoli ya A, kisha adapta ya USB iliyochomekwa kwenye B inaunganishwa nao. Vivyo hivyo kinyume chake. Mashine moja ikigoma, unaingia kwa nyingine kwa SSH na kufungua konsoli ya mgonjwa. Gharama yake ni adapta mbili na waya mbili.

## Ninunue nini?

Angalia kwanza tundu la mashine yako, kwa kuwa hapo ndipo pesa nyingi hupotea.

Tundu la pini 9 lenye umbo la herufi D, lililo nyuma ya seva nyingi na kompyuta za zamani za ofisi, linahitaji adapta ya USB kwenda RS-232 pamoja na waya wa kukutanisha kompyuta mbili, yaani ule ambao pini 2 na 3 zimepishana. Waya ulionyooka hautafaa: pande zote mbili zitatuma kwenye uzi mmoja na kusikiliza kwenye uzi mmoja. Dukani, iwe ni Oginga Odinga Street mjini Kisumu au Kenyatta Avenue Nakuru, omba *null modem*. Jina hilo ndilo lililoandikwa kwenye pakiti. Ukiwa na mita ya umeme pima mwenyewe kabla ya kulipa: pini 2 ya upande mmoja iguse pini 3 ya upande wa pili, na 5 iguse 5.

Tundu linalofanana na la mtandao lakini limeandikwa CONSOLE linahitaji waya bapa wa konsoli, ule wa buluu unaojulikana kwa ruta za Cisco. Usichomeke hapo waya wa kawaida wa mtandao ukitegemea bahati.

Pini tupu kwenye bao, kama za Raspberry Pi, ni habari nyingine kabisa. Soma swali linalofuata kabla ya kugusa chochote.

Kuhusu chipu ndani ya adapta: FT232, CP2102, CH340 na PL2303 zote zina madereva ndani ya keneli ya Linux, kwa hiyo hakuna cha kusakinisha. Kwa mashine utakayoiacha mbali, chagua adapta iliyo na namba yake ya kipekee ndani, kama nyingi za FTDI, watengenezaji wa FT232. Sababu utaiona kwenye swali la kujua kilichotokea usiku.

## Je, naweza kuunganisha adapta ya RS-232 moja kwa moja na pini za Raspberry Pi?

Hapana. RS-232 hutumia volti kati ya 3 na 15, chanya na hasi. Pini za Raspberry Pi zinavumilia volti 3.3 tu, na hasi haziijui. Bao litaungua, na hakuna fundi atakayeliponya.

Nunua adapta ya USB kwenda TTL ya volti 3.3. Unganisha ardhi ya adapta na pini 6, RX ya adapta na pini 8 ambayo ndiyo TX ya Pi, na TX ya adapta na pini 10. Uzi wa volti 5, ambao mara nyingi ni mwekundu, uache ukining'inia ukiwa umefungwa kwa utepe. Usiamini rangi peke yake, soma maandishi ya adapta. Kisha ongeza `enable_uart=1` kwenye `/boot/firmware/config.txt` na uhakikishe `cmdline.txt` ina `console=serial0,115200`.

## Nimechomeka adapta, `/dev/ttyUSB0` inatokea kisha inapotea. Adapta ni mbovu?

Huenda si mbovu hata kidogo. Hili limewasumbua sana watumiaji wa Ubuntu 22.04 wenye adapta za CH340. Programu ya `brltty`, inayowahudumia wasioona wanaotumia vifaa vya Braille, hudhani adapta hiyo ni kifaa chake na kuinyakua. Angalia ujumbe wa keneli kwa `dmesg`: ukiona jina `brltty` karibu na `ch341`, umepata chanzo. Kama hakuna anayetumia Braille kwenye mashine hiyo, iondoe:

```
apt remove brltty
```

Kama yupo anayeitumia, usimnyang'anye. Tumia adapta ya chipu nyingine.

## Nanyimwa ruhusa ya kufungua `/dev/ttyUSB0`

Jiunge na kundi la `dialout`, kisha utoke na kuingia upya:

```
adduser jina_lako dialout
```

Kwenye FreeBSD na OpenBSD kundi hilo huitwa `dialer`.

## Nitumie programu gani kufungua konsoli?

`picocom`. Ni ndogo, haina menyu za kukupoteza, na udhibiti wa mtiririko umezimwa tangu mwanzo.

```
picocom -b 115200 /dev/ttyUSB0
```

Kutoka: Ctrl-A kisha Ctrl-X. `screen /dev/ttyUSB0 115200` nayo inafaa, na hutoka kwa Ctrl-A kisha `k`. Kwenye BSD tayari kuna `cu -l cuaU0 -s 115200`, nayo hutoka kwa `~.` mwanzoni mwa mstari. Tahadhari: ukiwa umeingia kwa SSH halafu ukaandika `~.`, SSH yenyewe ndiyo itakatika. Andika `~~.` ili alama hiyo imfikie `cu`.

`minicom` pia ni nzuri, ila huja na jambo moja litakalokukosesha usingizi. Nimelieleza kwenye swali la kuona bila kuandika.

## Kwa nini naona ujumbe wa keneli lakini sioni menyu ya GRUB, au naona GRUB kisha kimya?

Kwa sababu konsoli ya siriali si swichi moja. Mashine inapowaka hupita mikono minne: BIOS (programu ya bao lenyewe), GRUB (inayoipakia keneli), keneli, na mwisho huduma ya kuingia inayoitwa getty. Hakuna anayemwuliza mwenzake alikuwa akizungumzia wapi. Kila mmoja lazima aambiwe peke yake, kwa mlango uleule na kasi ileile. Ukimsahau mmoja, utakuwa na shimo katikati ya safari, na shimo hilo litakuwa pale pale utakapohitaji kuona.

BIOS. Seva nyingi zina kipengele kiitwacho `Console Redirection`. Kiwashe na uweke kasi 115200. Ukikuta pia chaguo la kuendelea baada ya BIOS kumaliza kazi, lizime. Usipolizima, BIOS na GRUB zitaandika zote mbili, na kila herufi itatokea mara mbili. Kompyuta nyingi za ofisi hazina kipengele hiki kabisa. Hapo utaanza kuona kwenye GRUB, na inatosha.

GRUB na keneli. Hariri `/etc/default/grub`:

```
GRUB_CMDLINE_LINUX="console=tty0 console=ttyS0,115200n8"
GRUB_TERMINAL="console serial"
GRUB_SERIAL_COMMAND="serial --unit=0 --speed=115200 --word=8 --parity=no --stop=1"
```

Hapo `tty0` ni skrini, na `ttyS0` ni mlango wa kwanza wa siriali. Kisha `update-grub`. Hakikisha umeandika kwenye `GRUB_CMDLINE_LINUX`, usiandike kwenye ile yenye `_DEFAULT`. Ile ya `_DEFAULT` haitumiki ukichagua hali ya uokoaji kwenye menyu, na uokoaji ndio hasa tunaojiandalia. Ukiwa hapo, ondoa neno `quiet`. Mashine ya mbali haina sababu ya kuficha inachofanya.

Getty. systemd, inayosimamia huduma za Linux, ikiona `console=ttyS0` huanzisha getty yenyewe. Mimi huiwasha kwa mkono hata hivyo, ili ibaki hata kama mtu atafuta mstari wa keneli siku moja:

```
systemctl enable --now serial-getty@ttyS0.service
```

Baada ya kuwasha upya, uliza mashine:

```
cat /sys/class/tty/console/active
```

Jibu unalolitaka ni `tty0 ttyS0`.

## Nimeandika `console=` mara mbili. Ipi ina nguvu?

Ya mwisho, na swali hili ni zito kuliko linavyoonekana.

Ujumbe wa keneli huenda kwenye konsoli zote ulizotaja. Lakini `/dev/console` ni moja tu, nayo ni ile iliyotajwa mwisho. Huko ndiko systemd huandika hali ya huduma, ndiko nywila ya diski iliyofichwa kwa LUKS huombwa, na ndiko sheli ya dharura hufunguka. Ukiandika `console=ttyS0 console=tty0`, utaona keneli vizuri kwenye waya, utafurahi, utafunga ofisi. Siku diski ya data haipatikani, mashine itasubiri sekunde 90, itaingia hali ya dharura, na itaomba nywila ya root kwenye skrini ambayo haipo. Kwenye waya utaona ukimya tu.

Kwa mashine ya mbali, `ttyS0` iwe mwisho.

## Nimefika hali ya dharura kupitia waya, inasema akaunti ya root imefungwa

Hili huwapata wanaotumia Ubuntu, na wale walioacha nywila ya root wazi walipokuwa wakisakinisha Debian. Kila kitu cha konsoli kimepangwa sawasawa, lakini sheli ya dharura inataka nywila ya root, na root hana nywila. `sudo` haiwezi kukusaidia hapo kwa kuwa hujaingia.

Dawa yake ni rahisi ukiwahi: `passwd root`, weka nywila ndefu, na uizuie isitumike kwa SSH kwa `PermitRootLogin no`. Iandike na kuihifadhi mahali unapoweza kuifikia bila mashine hiyo.

Ipo njia nyingine ya kuilazimisha sheli ifunguke bila nywila, kwa kuweka `Environment=SYSTEMD_SULOGIN_FORCE=1` kwenye huduma za `emergency.service` na `rescue.service`. Siipendekezi kwa mashine iliyo kwenye chumba kinachoingiwa na kila mtu.

Na ukiwa hapo hapo, kwenye `/etc/fstab` ongeza `nofail` kwa kila diski ambayo mashine inaweza kuwaka bila hiyo. Diski ya nakala rudufu isiyopatikana haipaswi kuzuia zahanati nzima kufungua mafaili ya wagonjwa.

## Nichague kasi gani?

115200, isipokuwa kifaa kikikataa. Kwa mpangilio wa 8n1 (biti 8 za data, bila biti ya ukaguzi, biti 1 ya mwisho) kila herufi hubebwa na biti 10, kwa hiyo 115200 ni herufi 11,520 kwa sekunde na 9600 ni 960. Skrini ya safu 80 kwa mistari 24 ina herufi 1,920: kwa 9600 ni sekunde mbili kuichora.

Kasi ndogo ina madhara mengine pia. Keneli huweza kusubiri herufi zipite kwenye waya kabla ya kuendelea. Ruta yenye sheria za faiwoli zinazoandika kila pakiti iliyokataliwa, kwenye konsoli ya 9600, inaweza kukwama kwa sababu ya maandishi yake yenyewe. Punguza kelele kwa `loglevel=4` kwenye mstari wa keneli.

Vifaa vingi vya Cisco huanza kwa 9600, na bao za zamani za ALIX kwa 38400. Viheshimu kama vilivyo.

## Naona herufi za ajabu. Sioni chochote. Naona lakini siwezi kuandika.

Haya ni magonjwa matatu tofauti.

Herufi za ajabu ni kasi isiyolingana. Jaribu 9600, 38400, 57600 na 115200. Zikitokea tu baada ya GRUB, basi GRUB na keneli zimepewa kasi tofauti.

Ukimya kabisa ni waya usiopishana, au mlango usio wenyewe. Kwenye seva yenyewe soma:

```
cat /proc/tty/driver/serial
```

Mstari wenye `uart:16550A` ni mlango halisi, na wenye `uart:unknown` haupo. `ttyS0` kwa kawaida ni anwani 3F8 na IRQ 4, `ttyS1` ni 2F8 na IRQ 3. Namba za `tx` na `rx` hapo ni dhahabu: andika upande wa laptopu, soma tena, na uone kama `rx` imepanda. Ikipanda, uzi wa kuelekea kwenye seva ni mzima. Isipopanda, hakikisha kwanza getty iko hai, maana mlango usiofunguliwa na programu yoyote hauhesabu `rx`, kisha rudi kwenye waya.

Kuona bila kuweza kuandika, ukitumia `minicom`, karibu kila mara ni udhibiti wa mtiririko wa vifaa uliowashwa. Waya wa nyuzi tatu hauna nyuzi za kazi hiyo, kwa hiyo `minicom` inasubiri ruhusa isiyokuja kamwe. Bonyeza Ctrl-A kisha O, ingia `Serial port setup`, bonyeza F hadi `Hardware Flow Control` iwe `No`, na uhifadhi.

## `vi` inachora vurugu na mistari mirefu inajiandika juu yake yenyewe

Waya haujui ukubwa wa dirisha lako. Andika `stty rows 40 cols 120` kwa vipimo vyako, au `resize` kama ipo.

## FreeBSD na OpenBSD?

Kwenye FreeBSD, weka haya katika `/boot/loader.conf`:

```
boot_multicons="YES"
boot_serial="YES"
comconsole_speed="115200"
console="comconsole,vidconsole"
```

Katika `/etc/ttys` mstari wa `ttyu0` tayari una `onifconsole`, maana yake getty hujiwasha mlango huo ukiwa ndio konsoli.

OpenBSD ndiyo iliyonyooka kuliko zote. `/etc/boot.conf` ina mistari miwili:

```
stty com0 115200
set tty com0
```

na katika `/etc/ttys`:

```
tty00 "/usr/libexec/getty std.115200" vt220 on secure
```

Ukisakinisha OpenBSD kupitia waya wenyewe, kisakinishi hukuuliza kama unataka `com0` iwe konsoli na kwa kasi gani, kisha hukuandikia yote hayo. Kwenye `boot>` andika ile mistari miwili ya juu, kisha `boot`.

Jambo moja la OpenBSD kwa mashine za mbali: keneli ikianguka husimama kwenye `ddb>` ikikusubiri. Kama kuna mtu kwenye konsoli, hiyo ni nafasi nzuri ya kuandika `trace` na kujua kilichotokea. Kama hakuna, weka `ddb.panic=0` kwenye `/etc/sysctl.conf` ili ijiwashe upya. Kwenye Linux, `kernel.panic=30` huiwasha upya baada ya sekunde 30.

## Debian nayo naweza kuisakinisha bila skrini?

Ndiyo. Kwenye menyu ya kisakinishi, kwa mashine ya BIOS ya kawaida, bonyeza Esc kisha andika `install console=ttyS0,115200n8`. Kwa UEFI (mrithi wa BIOS), hariri mstari wa kuwasha kwa `e`. Chochote ukikiandika baada ya `---` kitahamishiwa kwenye mfumo uliosakinishwa.

## Mashine pepe na seva zenye IPMI?

Kwa mashine pepe za KVM, pangilia ndani yake kama hapo juu, kisha `virsh console jina`. Kutoka ni Ctrl na `]`.

Seva zenye IPMI, yaani kifaa cha ndani cha kuisimamia seva kwa mbali, hupitisha siriali kwenye mtandao:

```
ipmitool -I lanplus -H ANWANI -U MTUMIAJI sol activate
```

Mara nyingi mlango wake ni `ttyS1`, si `ttyS0`, na hapo ndipo wengi hukwama. Usiiweke IPMI kwenye intaneti ya wazi hata kwa saa moja.

## Mashine imeganda kabisa. Kuna la kufanya kabla ya kuzima stima?

Lipo, kama `kernel.sysrq`, mpangilio wa amri za dharura za keneli, inaruhusu. Angalia mapema kwa `sysctl kernel.sysrq`, thamani ya 1 huruhusu yote. Kwenye waya unatuma ishara ya BREAK, kisha ndani ya sekunde tano herufi moja. `picocom` hutuma BREAK kwa Ctrl-A kisha Ctrl-\, `minicom` kwa Ctrl-A kisha F. Tuma BREAK na `s` ili data iandikwe diskini, BREAK na `u` ili diski zifungwe zisiandikwe tena, BREAK na `b` ili iwake upya. Subiri kidogo kati ya hatua. Diski itakushukuru kuliko ukichomoa plagi.

## Nawezaje kujua kilichotokea usiku?

Acha `picocom` ikiwa wazi ndani ya `tmux` (programu inayobakisha kikao hai hata ukitoka) kwenye Pi au mashine jirani, ikiandika kila kitu:

```
picocom -b 115200 -g kakamega.log /dev/serial/by-id/JINA
```

Maneno ya mwisho ya keneli kabla ya kufa kwa kawaida hayafiki diskini. Kwenye waya yanafika.

Tumia `/dev/serial/by-id/`, si `ttyUSB0`. Ukiwa na adapta mbili, namba zinaweza kubadilishana stima ikirudi, na ukajikuta unawasha upya mashine isiyo yenyewe. Adapta nyingi za CH340 hazina namba ya kipekee, hivyo mbili zitagombania jina moja. Kwa hizo tumia `/dev/serial/by-path/` na usihamishe tundu.

## Si nimefungulia wezi mlango?

Kwa kiasi fulani, ndiyo. Anayeshika waya ni sawa na aliyekaa mbele ya mashine.

Tatizo ninalolihofia zaidi ni la kusahau kutoka. Ukichomoa waya wa nyuzi tatu, mashine haijui kwamba umeondoka. Kikao cha root kinabaki wazi, na atakayechomeka baada yako anaingia bila kuulizwa. Andika `exit` kila mara, na weka `TMOUT=600` kwenye `/etc/profile` ili kikao kisichotumika kijifunge baada ya dakika 10.

GRUB nayo inaweza kuhaririwa na kuambiwa `init=/bin/bash`. Iwekee nywila kwa `grub-mkpasswd-pbkdf2`, lakini hakikisha vipengele vya kawaida vya kuwasha vina `--unrestricted`. Usipofanya hivyo, stima ikikatika na kurudi saa nane usiku, mashine itakaa ikiomba nywila ya kuwaka hadi mtu aamke.

## Radi je?

Ukanda wa ziwa na Kakamega yote hupata ngurumo nyingi za alasiri, na waya wa siriali ni njia ya shaba kati ya vifaa viwili. Vifaa vilivyochomekwa kwenye saketi tofauti za stima vinaweza kuwa na ardhi zisizolingana, na tofauti hiyo hupita kwenye uzi wako wa ardhi. Weka pande zote mbili kwenye UPS moja. Waya uwe mfupi. Mita 15 ndiyo iliyozoeleka kuwa mwisho wa RS-232, na usiupitishe kamwe kati ya majengo mawili. Ukilazimika, nunua kitenganishi cha mwanga. Laptopu ya muda, itumie kwa betri.

## Nijaribu nini kabla ya kuondoka mahali hapo?

Chomoa skrini na kibodi. Chomoa waya wa mtandao. Zima na uwashe mashine huku ukitazama konsoli tu: lazima uone menyu ya GRUB na uweze kusogeza mshale, uone keneli, kisha uingie kwa nywila. Halafu ongeza kwenye `/etc/fstab` mstari wa diski isiyokuwepo, bila `nofail`, uwashe upya, usubiri hali ya dharura, uingie kama root kupitia waya, ufute mstari huo na uwashe tena. Jaribio hili la pili hurukwa na wengi, na ndilo linalofichua `console=` iliyopangwa kinyume na root asiye na nywila.

Mwisho bandika karatasi kwenye mashine yenyewe: mlango upi, kasi gani, waya wa aina gani uko kwenye droo ipi.